Soko lina macho, halina pua

(Haya ni mazungumzo ambayo mwandishi wa kujitegemea aliyatoa mbele ya vijana wa kijiwe kimoja jijini Dar es Salaam. Tunayachapa kwa ajili ya msomaji ambaye hakuwepo. – Mhariri)

Ndugu zangu vijana, na wewe msomaji unayelisoma gazeti hili kwa kumchungulia jirani begani, amani iwe kwenu.

Nimeombwa nizungumzie uchumi. Sina digrii. Nimeishia kidato cha nne, na yaliyobaki nimeyaokota vitabuni na barabarani. Lakini uchumi si mali ya wenye digrii. Anayenunua fungu la nyanya, anayegombea mlango wa daladala, anayeziba pua akipita kando ya jaa, wote wamo ndani ya uchumi, wapende wasipende.

Tangu miaka ya themanini maneno "soko huria" yamekuwa mdomoni mwa kila mtu nchini. Enzi za marehemu Mzee Mwinyi, aliyepewa jina la Mzee Ruksa, milango ilifunguliwa, na hadi leo ubishi haujaisha. Wapo wanaoliapia soko kama dini: liacheni, litajirekebisha lenyewe. Wapo wanaolilaani: kila ugumu wa maisha, mchawi ni soko huria. Kila upande una nusu ya ukweli, na anayetembelea nusu ya ukweli huanguka na njia nzima.

Hoja yangu leo ni moja. Soko lina macho makali ya kuona bei. Pua halina. Kitu chenye bei litakifuata hadi shimoni. Kitu kisicho na bei litakiacha kinuke hadi kituue. Tukijua mpaka huo uko wapi, hakuna mgombea atakayetupiga changa la macho, awe wa chama tawala au wa upinzani.

Jaa ni darasa

Nenda siku moja Pugu Kinyamwezi, kwenye jaa kuu la Dar es Salaam. Lori likimwaga tu, vijana wa rika letu wanalivamia. Chupa za maji zinaondoka. Skrepa inaondoka. Maboksi yanaondoka. Hata shaba iliyojificha ndani ya waya inachomolewa. Hakuna mkuu wa wilaya aliyetoa amri, hakuna semina, hakuna posho. Kilichowaleta ni bei.

Baada ya hapo kinabaki nini? Maganda ya ndizi, mabaki ya vyakula, pampas, mifuko iliyochanika. Hivi havina mnunuzi. Hivi ndivyo vinavyooza, ndivyo vinavyochomwa moshi ukaenda kwa watu, ndivyo vinavyoziba mitaro huku mijini kabla hata havijafika jaani. Soko limefanya usafi wa nusu. Limesafisha kile tu linachoweza kukiuza.

Angalieni na jambo la pili palepale jaani. Waokotaji ni wengi, wenye mizani ni wachache. Ukiwa na gunia la chupa mgongoni na jua la saa nane linakuchoma, huwezi kuzunguka mji mzima kutafuta bei nzuri. Mwenye mzani anataja bei, wewe unaitikia. Watu wamezoea kulalamikia muuzaji mmoja aliyeshika bidhaa. Mnunuzi mmoja naye ni yuleyule, kabadili shati tu. Ndiyo maana mwokotaji akiwa peke yake ni mnyonge, lakini waokotaji ishirini wenye mzani wao na pa kuhifadhia mzigo wanaweza kuongea na mnunuzi macho kwa macho.

Wauzaji wengi, muuzaji mmoja

Sasa tulipe soko haki yake. Mama anayeuza nyanya sokoni Ilala hawezi kupandisha bei kwa ukorofi. Akitaja bei ya ajabu, mteja anasogea hatua mbili kwa jirani yake. Wauzaji wako wengi, nyanya zinafanana, bei inajulikana. Hapo hakuna haja ya serikali kutuma askari kupanga bei. Ushindani wenyewe ni askari, tena halali rushwa.

Tazameni usafiri. Mwaka 1974 liliundwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, likapewa peke yake kazi ya kubeba abiria wa mjini. Mji ukakua, mabasi yakachakaa, vipuri vikakosekana kwa sababu ya uhaba wa fedha za kigeni. Abiria alisimama kituoni hadi miguu ikafa ganzi. Wenye magari binafsi wakaanza kubeba watu kwa kujificha, wakikimbizana na askari. Mwaka 1983 Serikali ikasalimu amri, ikawaruhusu. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu ambayo mitaani iliitwa dala, na jina la daladala likazaliwa hapo.

Hilo ni somo. UDA ilikuwa na ukiritimba, na ubaya wa ukiritimba ni kwamba mteja hana pa kukimbilia. Akikasirika, atapanda basi lilelile kesho. Mwenye biashara wa namna hiyo, awe serikali au awe tajiri binafsi, hana kinachomkosesha usingizi.

Lakini tusikimbilie kusema kila ukiritimba ni wizi. Chukua umeme. Fikiria makampuni matano, kila moja na nguzo zake na nyaya zake katika mtaa mmoja wa Manzese. Nguzo zingezidi milango! Kujenga njia moja ya umeme ni ghali sana, kujenga tano ni wazimu. Ndivyo ilivyo hata kwa mabomba ya maji. Ukiritimba wa namna hii unatokana na kazi yenyewe ilivyo, na dawa yake si kuuvunja, ni kuulinda usiume watu. Ndiyo sababu ikaundwa EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, iliyoanza kazi mwaka 2006. TANESCO ikitaka kubadili bei, inatakiwa ipeleke maombi, na wananchi wanaitwa kutoa maoni.

Hapo nawauliza vijana wenzangu: nani kati yetu amewahi kwenda kutoa maoni hayo? Tunalalamika kijiweni kwamba mlinzi amelala, na sisi wenyewe hatujagonga lango.

Wachache wanaojuana

Katikati ya mmoja na wengi wako wachache. Makampuni ya simu ndiyo mfano wa karibu, kwa sababu yamo mifukoni mwetu. Baba zetu walisubiri simu ya waya kwa miaka, wengine wakazeeka bila kuipata. Ilipoingia simu ya mkononi miaka ya tisini, na makampuni mengine yakafuata kuanzia mwaka 2000, bei zikaanza kushuka na simu ikamfikia hata muuza karanga. Hayo ni matunda ya ushindani, tuyakubali.

Lakini wachache wana hatari yao: wanajuana. Hawahitaji hata kikao. Mmoja akipandisha bei ya kifurushi, wenzake wanaweza kuangalia tu upepo unavyovuma, nao wakafuata. Adam Smith, mzee wa Scotland ambaye wapenda soko huria wanamhesabu kama babu yao, aliliona hilo katika kitabu chake cha mwaka 1776. Aliandika kwamba watu wa biashara moja hawakutani mara nyingi, hata kwa starehe, bila mazungumzo kuishia kwenye njama dhidi ya umma au hila za kupandisha bei. Babu huyo hakuwa mjinga. Wajukuu ndio wamesoma ukurasa mmoja wakafunga kitabu.

Kwa ajili hiyo tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Tume ya Ushindani. Kupatana bei kwa siri ni kosa. Na mwaka 2017 ikaja ruhusa ya kuhama mtandao bila kubadili namba. Wengi wetu tuliiona ni jambo dogo. Si dogo hata kidogo. Namba yako ilikuwa kamba shingoni, ukihama unapoteza wateja, ndugu na wadeni wako. Kamba ikikatwa, kampuni inajua unaweza kuondoka. Nguvu ya mteja ni mlango ulio wazi, hata kama hajautumia.

Mtu wa tatu ambaye hakuitwa

Sasa tunafika penye ugomvi. Katika kila biashara tunahesabu watu wawili, anayeuza na anayenunua. Lakini yupo wa tatu ambaye hakuitwa, hakuulizwa, na bado analipa.

Rudini kwenye daladala. Dereva ana hesabu ya kumpelekea tajiri jioni, kinachozidi ndicho chake na konda. Kwa hiyo anapakia hadi mlangoni, anakimbizana na mwenzake kituo kwa kituo, anakatisha ruti, anasimama katikati ya barabara. Abiria amelipa nauli, dereva ameipata, tajiri amepelekewa. Lakini mama anayevuka barabara na mtoto mgongoni, yeye hakuwa na tiketi. Moshi mweusi unamwingia kifuani bure. Ajali ikitokea, hospitali ya umma inalipa. Hiyo ni gharama ya kweli, ila haimo kwenye nauli. Vitabu huiita gharama ya nje. Mimi naiita gharama ya mtu wa tatu.

Ushindani hauiponyi gharama hii. Mara nyingine unaizidisha, maana dereva mstaarabu ndiye anayekosa hesabu.

Mfano mkubwa zaidi uko Tabata, na kila kijana wa mji huu angepaswa kuujua kama anavyojua matokeo ya Simba na Yanga. Miaka ya themanini taka za Dar es Salaam zilimwagwa Tabata, katikati ya makazi ya watu. Zilichomwa usiku na mchana. Moshi, inzi na uvundo vikawa sehemu ya maisha. Waliofaidika ni mji mzima, kwa sababu taka ziliondoka milangoni pao kwa bei rahisi. Rahisi kwa nini? Kwa sababu mapafu ya watu wa Tabata hayakuwekwa kwenye hesabu.

Wakazi wakaenda mahakamani. Katika kesi ya mwaka 1988, Joseph Kessy na wenzake dhidi ya Halmashauri ya Jiji, Mahakama Kuu iliamuru umwagaji wa taka Tabata ukome. Jiji likaomba muda. Likaongezewa. Likaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira akasema basi. Akaeleza kwamba hajapata kusikia mamlaka ya umma ikienda mahakamani kifua mbele kuomba kibali cha kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, na akalifungamanisha jambo hilo na haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba. Jamani, hayo yalisemwa dhidi ya Jiji, si dhidi ya kiwanda cha bepari! Kwa hiyo anayedhani serikali haiwezi kumtwisha mtu wa tatu gharama, akasome kesi hiyo.

Na taka zilikwenda wapi? Zilipelekwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko, karibu watu 800, nao wakafungua kesi, wakashinda. Jaa likaenda Vingunguti, ukingoni mwa bonde la Msimbazi, kwa walalahoi. Baadaye Mtoni. Mwishowe Pugu Kinyamwezi. Fuata safari hiyo kwenye ramani utaelewa siri yake. Taka haziendi penye nafasi tu. Zinakwenda penye ukimya.

Dawa nne

Je, mtu wa tatu anatetewaje? Dawa zipo, na kila moja ina mahali pake.

Ya kwanza ni mahakama, kama Tabata. Inafaa pale wanaoumia wanapojuana na wanaweza kuchangishana wakili. Lakini mtiririshe taka za sumu kwenye mto unaopita mitaa ishirini, utawapata wapi wote wakae kikao kimoja?

Ya pili ni kodi au tozo. Profesa mmoja wa Uingereza, Arthur Pigou, alilieleza hilo katika kitabu cha mwaka 1920: kama gharama haimo kwenye bei, iingizwe kwa kodi, ili mchafuzi aione anapopiga hesabu zake. Hapo unalipa soko pua ya bandia. Sharti ni moja: kiasi kiwe cha kuuma. Faini ikiwa ndogo kuliko faida, tajiri ataigeuza kuwa sehemu ya gharama za uendeshaji, ataendelea na mambo yake.

Ya tatu ni marufuku. Petroli ya zamani ilitiwa madini ya risasi, na moshi wake uliathiri akili za watoto. Dunia haikungoja kila mwenye gari aone huruma. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001, na kufikia Januari 2006 petroli hiyo ilikuwa imeondoshwa. Kwetu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Juni 1, 2019. Watu walisema haiwezekani. Wiki chache baadaye mtu alikuwa anakwenda sokoni na kikapu kama bibi yake.

Ya nne ni ruzuku, maana mtu wa tatu mara nyingine anafaidika badala ya kuumia. Chandarua chenye dawa kinamlinda aliyelala ndani, na kwa kuua mbu kinamlinda na jirani. Kila mtu akinunua kwa kupima faida yake tu, vitanunuliwa vichache kuliko vinavyohitajika. Ndiyo sababu mwaka 2004 ukaanza mpango wa Hati Punguzo: mama mjamzito alipewa hati kliniki, akaenda nayo duka la kawaida, akapata chandarua kwa bei nafuu. Muuza duka alibaki na biashara yake, serikali na wahisani wakalipa ile sehemu ya faida iliyokwenda kwa jirani.

Linganisheni na mwanafunzi anayesukumwa mlangoni mwa daladala. Nauli yake imewekwa chini kwa amri, na ni sawa, kwa sababu mtoto akisoma nchi nzima inafaidika. Lakini nani analipa tofauti? Konda, kutoka kwenye hesabu ya siku. Faida ni ya wote, hasara ni ya mmoja. Halafu tunashangaa konda anamkimbia mtoto kituoni! Simtetei konda kwa ukatili wake. Nasema amri isiyo na fedha nyuma yake huishia mgongoni mwa mnyonge, na hapa mnyonge wa mwisho ni mtoto mwenye sare.

Wadandiaji

Nimebakiza jambo moja, nalo ndilo zito kuliko yote.

Wewe unayelichungulia gazeti begani kwa jirani, nilikusalimu mwanzoni kwa makusudi. Habari uliyoisoma haikumpungukia jirani. Nakala ni moja, wasomaji kumi, na kila mmoja ameondoka na habari nzima. Hata hivyo jirani anaweza kulikunja gazeti akakunyima. Sasa fikiria taa ya barabarani. Nikipita chini yake mwanga haupungui kwako, na tena hakuna awezaye kunizuia nisiutumie. Kitu cha namna hiyo, kisichopungua kwa kutumiwa na kisichozuilika kwa asiyelipa, ndicho bidhaa ya umma. Mtaro wa maji ya mvua ni hivyo. Kuua mbu mtaa mzima ni hivyo. Ulinzi wa nchi ni hivyo.

Chukua mtaa wa nyumba 100. Taa za mtaa mzima zinagharimu shilingi 1,000,000. Kila nyumba ingefaidika kwa thamani ya shilingi 20,000, kwa kuepuka vibaka na kufanya biashara hadi usiku. Faida jumla ni shilingi 2,000,000, mara mbili ya gharama. Kila nyumba ingetoa 10,000 tu, taa zingewaka. Lakini mjumbe akipita kuchangisha, mwenye nyumba anawaza: wenzangu watatoa, nami nitapita kwenye mwanga uleule. Wote wakiwaza hivyo, mtaa unabaki gizani ukiwa na faida ya shilingi 2,000,000 mlangoni. Hawa si watu wabaya. Ni wadandiaji, kama kijana anayening'inia nyuma ya gari bila nauli. Tatizo gari lenyewe haliwezi kuondoka kama wote wamedandia.

Hilo si nadharia. Mwaka 1994 Jiji lilipa kampuni moja binafsi kazi ya kuzoa taka katika kata 10 za katikati ya mji, wateja wakitakiwa kulipa ada. Wengi hawakulipa. Mtu aliona ni nafuu kutupa mfuko mtaroni usiku, na kampuni haikuweza kumtenga, maana uchafu wake ukiachwa unamnukia jirani aliyelipa. Ukabinafsisha ukazoaji, lakini usafi wenyewe ukabaki wa umma. Kuanzia mwaka 1996 yakaingizwa makampuni mengine, na kufikia mwisho wa muongo huo kazi ilikuwa imegawanywa kwa makumi ya makampuni na vikundi vya wananchi, kila kimoja na eneo lake.

Mpango huo una akili ndani yake. Malori matatu ya makampuni matatu hayana haja ya kupishana katika uchochoro mmoja. Bora yashindanie mtaa kwenye zabuni kuliko kushindana ndani ya mtaa. Ila zabuni ikiwa ya kujuana, au mkataba ukiwa hauna adhabu, umerudisha ukiritimba kwa mlango wa nyuma. Na kampuni yoyote itapenda mitaa yenye barabara nzuri na watu wenye fedha. Uchochoro wa Manzese ambako lori haliingii utaachiwa mkokoteni, au utaachiwa Mungu.

Gharama yake ni nini? Mvua za Desemba 2011 ziliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili. Walionusurika mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Mvua ilitoka mbinguni, kweli, na kujenga bondeni ni hatari, kweli. Lakini mtaro uliozibwa na taka haukutoka mbinguni. Ulizibwa mfuko kwa mfuko na watu ambao kila mmoja aliokoa ada ndogo. Maji hayakumuuliza mtu risiti.

Je, lazima tungoje serikali? Si lazima, wala si kuisamehe. Hanna Nassif, Kinondoni, ni mtaa uliojengwa bila ramani, maji yakiuingia kila masika. Katika miaka ya tisini wakazi, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wahisani, waliunda kamati yao, wakachimba mitaro na kutengeneza barabara kwa nguvu kazi ya mtaa wenyewe. Mwanamama wa Marekani, Elinor Ostrom, alipewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009 kwa kuonyesha jambo la namna hiyo: watu wanaweza kulinda mali ya pamoja wakiwa na kanuni walizozitunga wenyewe, wakaguzi wanaowajua, na adhabu inayoanza ndogo ikapanda. Udandiaji hupungua pale mdandiaji anapoonekana.

Maswali matatu ya kwenda nayo

Vijana wenzangu, kila baada ya muda tunaletewa fulana, kofia na ahadi. Mmoja atasema atabinafsisha, mwingine atasema atataifisha. Msimpigie makofi wala msimzomee kabla hajajibu maswali matatu.

La kwanza: nani mwingine anauza, na nani mwingine ananunua? Kama ni mmoja, nani anamlinda asituume, na mlinzi huyo anawajibika kwa nani?

La pili: ni nani analipa ambaye hayumo kwenye biashara hii? Yule mama barabarani, yule mkazi wa kando ya jaa, yule mtoto mwenye sare. Ataingizwaje kwenye bei?

La tatu: asiyelipa anaweza kuzuiwa? Kama hawezi, basi usiniambie soko litaleta. Niambie kodi ipi italipia, nani ataishika, na tutaiona wapi hesabu yake.

Anzeni na mtaa wenu wiki hii. Nendeni ofisi ya serikali ya mtaa, mwulizeni mwenyekiti mkataba wa mzoa taka: ulishindaniwa na nani, unakwisha lini, lori lisipokuja adhabu ni nini, ada iliyokusanywa mwezi uliopita ni kiasi gani. Msiende na matusi. Nendeni na kalamu. Na ninyi mnaosubiri giza ili mtupe mfuko mtaroni, lipeni ada, maana mwenye deni hana mdomo wa kuuliza hesabu.

Soko litaendelea kuwa na macho yake, nasi tunayahitaji. Pua ni yetu.

Mimi nimesema. Kazi kwenu.